Gitaa limetundikwa msumarini, binti yangu aanze na wimbo gani?

Shikamoo mjomba.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, naomba unisikilize maana hili jambo linanikaa moyoni na hapa nyumbani hakuna wa kumuuliza. Naishi Ngamiani hapa hapa Tanga, nina watoto wanne na kazi yangu ni kushona, cherehani yangu iko barazani kwa hiyo yote yanayotokea hapo nje nayaona na nayasikia.

Binti yangu mkubwa ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Sikukuu ya Idi kaka yangu anaekaa Dar alikuja na gitaa kamletea, jeusi, la nyuzi za chuma, mtoto alifurahi mpaka akalala nalo pembeni ya kitanda. Wiki ya kwanza kila saa yuko nalo, ananionyesha vidole vina mistari myekundu, anasema mama ona nimeanza kuwa mpiga gitaa. Nikamtafutia mwalimu, kijana wa mtaa wa pili, mstaarabu sana, anapiga gitaa kanisani kwao na watu wanamsifia, tukakubaliana elfu tano kila akija, Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, hapo hapo barazani mbele ya macho yangu.

Sasa mjomba shida ikaanza kwenye nyimbo. Yule kijana anamfundisha mapambio, mi sina neno na hilo sisi ni Waislamu lakini najua gitaa ni gitaa, ila hizo nyimbo mwanangu hajawahi kuzisikia hata siku moja, anaangalia karatasi tu imeandikwa herufi, G, C, F, kama anasoma hesabu. Kaka yangu nae huko Dar anatuma voisi kila siku, anasema huyo mwalimu anampotezea mda, mtoto apewe solo za Mbaraka Mwinshehe ndo atajua gitaa ni nini. Mwenyewe binti anataka wimbo wa Bongo Fleva, ule unaopigwa kwenye kila bajaji sasa hivi, anauimba wote mwanzo mpaka mwisho hata akiosha vyombo. Basi Jumamosi moja akamwomba mwalimu amfundishe huo, mwalimu akatafuta kodi kwenye simu, yani zile herufi za kuonyesha vidole vishike wapi, zikatoka herufi ambazo hata mwalimu zilimsumbua, mtoto akajaribu, ikawa inalia tap tap haitoi sauti, wadogo zake wamekaa kwenye ngazi wanaangalia, yule wa miaka saba akasema dada anapiga kama kuku anaparua bati. Wakacheka. Na watoto wa jirani wakacheka. Binti akaweka gitaa chini taratibu akaingia ndani, sikumsikia mpaka Magharibi.

Toka siku hiyo ni wiki tatu. Gitaa limetundikwa msumarini chumbani, kalifunika na kanga. Mwalimu akija anasema anaumwa kichwa. Juzi nikiwa nakunja nguo akaniuliza, mama hivi hili gitaa likiuzwa linafika bei gani.

Mjomba iliniuma. Nataka kujua, je mwanangu hana kipaji? Nibadilishe mwalimu? Na kama ni kuanza upya aanze na nyimbo gani, za mwalimu, za mjomba wake au hizo za kwenye bajaji? Mimi mwenyewe kwenye mziki sijui kitu, najua kushona tu. Na mwezi wa 11 ana mtihani wa taifa, sitaki pia nimbebeshe mzigo.

Mama wa Ngamiani


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na hapo kwenye swali la bei nilisimama. Mtoto aliekata tamaa kabisa hakuulizi bei, analiacha tu mpaka panya watengeneze nyumba humo ndani. Huyu anaona aibu mbele yako kwamba umelipa hela za watu na yeye hajaweza, kwa hiyo anatafuta njia ya kukurudishia hasara. Hilo ndo la kwanza nataka ulijue, kwa hiyo gitaa msiuze na usimjibu bei.

La kipaji liweke pembeni. Mtoto anaeimba wimbo mzima mwanzo mpaka mwisho huku anaosha vyombo masikio yake ni mazima, na wanafunzi wangu wengi wa gitaa wanaokwama wanakwama sio kwa sababu ya masikio, wanakwama kwa sababu ya wimbo wa kwanza waliopewa. Mimi nimepiga rithimu, lile gitaa la kusindikiza, kwenye harusi za mji huu na za Muheza na Pangani miaka mingi na sasa hivi nafundisha watoto wa mtaani kwangu, na hiki kitu nimekiona mara nyingi sana, mtoto ana watu wazima wawili watatu wanampenda na kila mmoja kampa wimbo anaoupenda mwenyewe. Mwalimu kampa wa kanisani kwake, mjomba wake kampa wa ujana wake. Mtoto akauliza wa kwake mara moja tu, akapewa vile ulivyo bila kupunguzwa, ukamshinda mbele za watu.

Msimamo wangu ni huu na siubadilishi: wimbo achague mtoto, kodi achague mwalimu.

Yani nini. Wimbo ukitoka kwa mtoto unakuwa tayari umo kichwani, anajua unapopanda na unapotulia, kwa hiyo akikosea kodi sikio lake lenyewe linamwambia hapa siyo, anarudi anatafuta. Hiyo ndo shule yenyewe. Sasa yale mapambio hajawahi kuyasikia, akipiga C mahali pa G atajuaje kama kakosea? Hawezi kujua, anangoja uso wa mwalimu. Ndo maana ukaona anasoma karatasi kama hesabu, macho yanafanya kazi ya masikio. Wala mapambio hayana ubaya, kwa mtoto aliekua nayo kanisani ni mwanzo mzuri kabisa, nyumbani kwenu ndo hayana mizizi.

Ila mtoto hajui ugumu wa kodi, na hapo ndo kazi ya mwalimu. Ile F kwenye karatasi, kwenye gitaa la nyuzi za chuma, unatakiwa ulaze kidole cha shahada chote kikandamize nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja af vidole vingine vitatu vifanye kazi yake juu ya hapo. Mtoto aliejifunza mwezi mmoja hana hiyo nguvu ya mkono, wengi wetu ilituchukua miezi. Ukimpa F wiki ya tatu ni sawa na wewe umpe mwanafunzi wako wa cherehani aanze na koti la suti lenye bitana. Atashona nini? Ataharibu kitambaa af atasema mimi kushona siwezi.

Na zile herufi za kwenye simu nazijua. Hizi nyimbo za sasa hivi zinatengenezwa kwenye kompyuta na kinanda, kii, yani kimo cha sauti ya wimbo, inafuata koo la muimbaji, kwa hiyo ukitafuta kodi unaletewa vitu kama Ebm, B, Gb, Db, ukiviangalia tu unatamani kulala. Lakini nyingi zake ukizichunguza ni kodi nne zinazunguka, zilezile toka mwanzo mpaka mwisho, ubeti, kiitikio, kila mahali. Na hizo nne nilizotaja hapo ukizivuta juu nusu sauti, hatua ndogo kabisa ya gitaa, zinageuka kuwa Em, C, G, D, ambazo ni kodi za mtoto kabisa. Kwa hiyo wimbo anaoutaka binti huenda ni rahisi kuliko lile pambio lenye F, umevaa tu nguo ngumu. Mwambie mwalimu asinakili kwenye simu, ahamishe. Na kwa kuwa ni mpigaji wa kanisani najua anaweza, maana kanisani kila muimbaji anakuja na kii yake na mpigaji anamfuata, hiyo kazi anaifanya kila Jumapili. Mwalimu usimbadilishe. Hana kosa, alimpa mtoto kile kizuri alichonacho. Mwambie tu kwa upole, baba, naomba tumpe anachokijua yeye.

Sasa njia ya kufika huko, maana sitaki aruke moja kwa moja kwenye kodi nne akarudia yaleyale ya kuku na bati.

Aanze na kodi mbili, G na D. Na hiyo G sio ile ya vidole vitatu inayotanua mkono, ni ya kidole kimoja. Kidole cha pete kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa ulioko chini, freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), af apige nyuzi nne nyembamba tu, zile mbili nene za juu aziache. Hiyo ni G halali kabisa, haina udanganyifu, noti zote zimo. D ndo ya vidole vitatu, uzi wa kwanza freti ya pili, wa pili freti ya tatu, wa tatu freti ya pili, nayo nyuzi nne. Angalia sasa uzuri wake: kutoka G kwenda D mkono hausafiri, unakaa palepale. Mkono wa kulia ushuke chini tu, mara nne nne, na kidole gumba, mambo ya chini juu chini juu yasubiri.

Wimbo wa kodi mbili nitakwambia upi na usicheke, Ukuti Ukuti. Ule wa mduara, kila mtoto wa pwani kaucheza mchangani. Najua binti wa miaka 14 atasema mama huo wa watoto, mwambie sawa ni wa watoto na ndo maana nataka upigwe, kwa ajili ya hao wadogo zake walioko kwenye ngazi. Mimi hapa kwangu huwa naupigia G na D na watoto wanazunguka uani mpaka vumbi linapanda. Yule wa miaka saba aliesema kuku anaparua bati akishashika mkono wa mwenzake akaanza kuzunguka na kuimba hatakuwa na nafasi ya kucheka, atakuwa anamlilia dada arudie. Na dada siku hiyo atakuwa kapiga wimbo mzima. Hili la wimbo mzima nalisisitiza sana, mtoto anaejua vipande vya nyimbo kumi hawezi kumpigia mtu yeyote kitu, anaejua mmoja mpaka mwisho anaitwa kwenye shughuli.

Akishaizoea hiyo, siku tatu, wiki, haina haraka, aongeze kodi moja tu, C. Nayo ya kidole kimoja: cha shahada uzi wa pili freti ya kwanza, apige nyuzi tatu nyembamba. Sasa ana G, C, D, na hapo mlango wa nyimbo za Kiswahili umefunguka, maana nyimbo nyingi za zamani za huku kwetu zinakaa kwenye tatu hizo. Mimi hapa huwa nampa mwanafunzi Malaika, ile ambayo Miriam Makeba aliipeleka dunia nzima. Sio kwa sababu ni maarufu. Ni kwa sababu inakwenda polepole, sauti inavutwa kwa muda mrefu, mtoto anapata nafasi ya kuangalia vidole, kupumua, kuhamisha, na bado hajachelewa. Na hakuna nyumba isiyoujua, atakapokwama kuna mtu jikoni atauendeleza. Nyimbo za haraka ndo zinazowaua wanaoanza, wanapata kodi lakini hawapati muda wa kufika.

Af ndo Em. Vidole viwili, uzi wa tano na wa nne, freti ya pili, nyuzi zote sita zinalia na inajaza chumba, watoto wanaipenda sana hii. Ukishaiongeza Em kwenye zile tatu umeona ana nini mkononi? Em, C, G, D. Wimbo wake wa kwenye bajaji. Kaufikia kwa kuongeza kodi moja moja na kila kodi ilikuja na wimbo wake. Mwambie hiyo safari toka mwanzo, usimfiche, mwambie tunaenda kwenye wimbo wako na njia ni hii, nadhani hata hiyo Ukuti Ukuti ataikubali.

Na kuna jambo la nyuzi linalosaidia pande mbili. Zile za chuma zinauma, mwambie mwalimu azilegeze zote nusu sauti, apu za kutuni kwenye simu zinaonyesha, zisome Eb, Ab, Db, Gb, Bb, Eb. Zikilegea hivo zinakuwa laini kidogo kwenye vidole, halafu kama wimbo wake kweli uko kwenye Ebm basi akishika umbo la Em inatoka sauti ileile ya kwenye simu, anaweza kupiga huku wimbo wenyewe unalia pembeni. Mtoto akisikia gitaa lake linaungana na ile sauti anayoisikia kwenye bajaji, mwanangu, hutamwambia tena chukua gitaa. Kama kii ya wimbo ni nyingine, kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, itatatua, na kapo kama hamna chukua penseli na mpira wa kufungia hela, funga penseli kwa nguvu juu ya nyuzi nyuma kidogo ya freti, tumezipiga hivo miaka na miaka.

Mwalimu akague pia kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 12, pale ilipo nusu ya urefu wa uzi, uzi ukiwa umeinuka zaidi ya milimita 3 hivi hilo gitaa ni gumu hata kwa mimi, lipelekwe kwa fundi alishushe. Inawezekana ile tap tap ilikuwa ya gitaa na sio ya mtoto. Tena kidole kikae karibu na chuma cha freti, sio katikati ya nafasi, nguvu inayotakiwa inapungua sana.

Kaka yako. Mwambie namheshimu na chaguo lake ni la mtu anaejua mziki, Mbaraka alikuwa bingwa na watu wa umri wangu tunajua tulichopoteza alipofariki mwaka 1979. Lakini solo inasimama juu ya rithimu. Mji wetu huu ulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ukiwasikiliza vizuri utasikia gitaa moja linaimba na jingine linalisukuma kwa nyuma bila kuchoka, ukiliondoa hilo la nyuma lile la mbele linabaki yatima. Mimi nilipoanza, mzee mmoja wa rithimu alinipa kodi mbili akasema shika hizo, watu wanacheza, usiache mpaka nikuangalie. Dakika 20 kodi mbili. Nilidhani ananiadhibu, kumbe ndo mkono wangu wa kulia ulitengenezwa usiku ule. Kaka akitaka kusaidia badala ya kutuma voisi za kulaumu atume hizo nyimbo zenyewe, mtoto azisikilize tu, asizipige, ziingie. Na kama anataka sana solo kuna solo ya mtoto pia, achukue sauti ya Malaika aitafute kwenye nyuzi mbili nyembamba, noti moja moja. Akiipata ajirekodi amtumie mjomba wake, nadhani huko Dar machozi yatatoka.

Bibi yupo? Hukumtaja. Kama yupo na ni mtu wa taarabu za Black Star na Lucky Star za hapa hapa Tanga, huko mbeleni kuna zawadi yake. Am na E ni umbo moja la vidole, vitatu vinahama pamoja uzi mmoja tu kwenda upande wa juu, na zikipokezana taratibu zinatoa ile huzuni tamu ya nyimbo za wazee. Lakini huko mbeleni, sio sasa, asije akawa na mtu wa nne wa kumchagulia.

Baraza sasa. Naelewa kwa nini ulitaka masomo yawe hapo, mtoto wa kike, mwalimu kijana, mtaa una macho, umefanya vizuri. Ila baraza la Ngamiani saa kumi jioni ni jukwaa, kila mpita njia ni hadhira, na anaejifunza anatakiwa akosee mara mia bila kuonekana. Hamishia uani, wewe kaa mlangoni na kazi yako ya mkono, vifungo, pindo, chochote. Wadogo zake watume dukani au wacheze nje mpaka dada aseme niko tayari, waitwe wakati wa kuimba, sio wakati wa kutafuta kodi.

Umesema kwenye mziki hujui kitu unajua kushona tu. Mwanangu, kuna kitu unakijua ambacho wapigaji wengi kinawashinda. Ukiwa unashona mshono mrefu wa gauni mguu wako unakanyaga kwa mwendo mmoja, kitambaa kikijikunja mkono unakirekebisha huku mguu haujasimama, maana ukisimamisha cherehani katikati ya mshono panaonekana. Gitaa ndo hivo hivo. Mkono wa kulia ni mguu wako, ukishaanza hausimami, vidole vya kushoto vikichelewa vichelewe, vitaukuta mbele. Anaeanza siku zote anasimama kungoja vidole af wimbo unakuwa vipande vipande. Kwa hiyo jioni moja mwite akae karibu na cherehani, wewe kanyaga polepole, yeye ashushe mkono wake kwa mwendo wa mguu wako, G mara nne, D mara nne. Wewe imba. Ndio, wewe, hata kama sauti imekauka, anahitaji mtu wa kushika wimbo ili yeye ashughulike na vidole, na hakuna mtu anaeweza kuimba mbele yake bila yeye kuona aibu isipokuwa mama yake.

Mtihani usikutishe. Dakika 15 kila siku baada ya Alasiri zinatosha na zinashinda masaa mawili ya Jumamosi peke yake, vidole vinaota ngozi ngumu kwa kuguswa kila siku, ndani ya wiki tatu nne ile mistari myekundu haitauma tena. Mwezi wa 10 wote mwalimu apumzishwe, elfu tano zako zipumzike, yeye apige tu hizo alizozijua kutuliza kichwa, wimbo mpya asipewe mpaka mtihani uishe.

Na leo hii ingia chumbani ulitoe hilo gitaa msumarini. Usimwambie kitu, usimpe hotuba, liweke kwenye kiti pale anapokaa kusomea, bila kanga juu, mtoto anachukua kitu kilicho karibu na mkono. Kabla ya kuliweka pitisha kitambaa kikavu kwenye nyuzi zote juu na chini yake, na afanye hivyo kila akimaliza kupiga, maana huu upepo wetu wa bahari una chumvi na nyuzi za chuma zilizoning'inia wiki tatu zitakuwa zimeanza kutu na kutu ndo inayochana vidole. Zikiwa zimekuwa nyekundu na zinakwaruza nunua seti mpya, mwombe mwenye duka nyembamba, zile za namba 10. Vitambaa najua unavyo tele hapo miguuni pa cherehani.